Visu Visivyoacha Nyasi

Kisu cha kwanza nilikipima mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza nilikipima kama mtu asiyesoma maelezo. Nilikuwa nimelaza rula ya chuma katikati ya kisu, ilhali kitabu cha mashine kinaagiza kwamba urefu upimwe kimshazari, kutoka ncha ya makali ya upande mmoja hadi ncha ya makali ya upande wa pili. Ilikuwa Jumatano, tarehe mbili Aprili. Niliandika katika daftari: urefu, sentimita hamsini na tatu na nusu, upana, sita nukta tatu, tundu la katikati, umbo la nyota yenye ncha sita. Visu vyenyewe ni viwili, huzunguka kandokando chini ya sinia kubwa la chuma, na vyote viwili vilikuwa vimekwisha. Fundi wa mjini alikuwa amevinoa hadi mabawa yake yakawa membamba kama bati la kopo, kisha akaniambia kwamba hatavinoa tena, asije akalaumiwa siku kitakaporuka kipande.

Mashine ni ya marehemu mume wangu. Si ile ya kusukuma. Ni ya kukalia, haina usukani, ina mikono miwili ya chuma; ukisukuma mmoja mbele na kuvuta mwingine nyuma, inajizungusha palepale iliposimama, kama mbwa anayetafuta pa kulala. Aliinunua kwa mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akihama Tororo, siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo kiwandani huko, akaileta hapa Sikuda, upande wa Uganda wa mpaka, juu ya pikapu. Majirani walisema amenunua trekta la kitoto. Yeye alicheka, akaendelea kupanda nyasi za pasipalamu kwa mkono, kipande kwa kipande, hadi ekari nzima na zaidi ikawa kijani. Alifariki tarehe kumi na tisa Oktoba, siku ya Jumanne, na sasa ni mwaka wa nne. Amelala upande wa mashariki wa kiwanja hichohicho. Tangu hapo mashine naiendesha mwenyewe, nikiwa na gauni na buti za mvua. Wapita njia hupunguza mwendo na kupunga mkono. Siwapungii, kwa kuwa mikono yangu yote miwili ina kazi.

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na sita. Mtihani wa darasa la saba niliufanya nikiwa na arobaini na miwili, nimeketi kati ya watoto walio sawa na kitindamimba wangu. Nalieleza hili bila haya, kwa sababu ndilo linaloeleza lililofuata. Hapo mwanzo kitabu cha mashine, ambacho ni cha Kiingereza, mume wangu alikuwa akinisomea kwa sauti jioni, na mimi nikishona. Sasa nakisoma peke yangu, kamusi ikiwa pembeni, na ninapofika mwisho wa ukurasa hakuna wa kuniuliza kama nimeelewa.

Katika ukurasa wa visu zimeelezwa aina tatu. Kuna visu vya kawaida. Kuna visu vyenye mabawa marefu, vinavyovuta hewa kwa nguvu na kutupa nyasi mbali. Na kuna visu vya kusaga, vilivyopindwa mara mbili, ambavyo hulikata jani, hulirusha juu ndani ya sinia, hulikata tena na tena, kisha huliacha likianguka kama unga katikati ya mashina, likaoze na kuirutubisha ardhi. Kando ya aina hiyo ya tatu palikuwa na alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Naijua kalamu hiyo. Naujua na mkono, mkia wa vema ukivutwa mrefu kupita kiasi. Hakuwahi kununua visu hivyo. Nilidhani mauti yalimtangulia, na nikaona kwamba sasa ni wajibu wangu.

Sharti nimtaje hapa jirani yangu. Yeye ni wa ukoo wa mume wangu, kwa hesabu ndefu ambayo wazee pekee waliiweza, na kwa hesabu hiyo mimi na yeye ni mawifi. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, wa kulishwa zizini. Kila Jumamosi, nikishamaliza kukata, alikuja na mundu na magunia mawili, akakusanya nyasi zilizotupwa pembeni na mashine. Kisha alikaa barazani tukanywa chai, na akanitania kama wifi anavyoruhusiwa. Alisema kaka yake, yaani mume wangu, alioa dereva. Alisema nikifa nitazikwa nimeshika ile mikono ya chuma. Watoto wangu wako mbali na hupiga simu vizuri, siwalaumu. Lakini kati ya Jumapili moja na nyingine, huyo ndiye mtu pekee aliyeketi kwenye kiti changu cha pili. Sikuwahi kulisema hilo. Nilikuwa nikijiambia kwamba mimi ndiye ninayemsaidia.

Siku ya Alhamisi, tarehe kumi Aprili, nilivuka mpaka kwa miguu kwenda Busia ya Kenya, kisu kimoja kikiwa kimefungwa kwa gazeti na kamba. Askari wa ukaguzi alikifungua, akakitazama, akaniuliza ninakwenda kupigana na nani. Nilimjibu kwamba napigana na nyasi. Akakifunga tena kwa adabu, vizuri zaidi ya nilivyokifunga mimi.

Muuza vipuri alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipotoa daftari na rula akaniita mwalimu, na sikumsahihisha. Alitandika juu ya meza visu vya aina zote tatu. Kwanza tulilinganisha matundu, kwa kuwa, alieleza, kisu kikiwa na urefu sawa lakini nyota yake ikawa na ncha tano badala ya sita, hakitakaa kwenye mhimili, na anayekilazimisha anajitafutia ajali. Kisha tukaweka kisu kipya juu ya kile cha zamani tukatazama kama ncha zinakutana. Zilikutana. Nilifurahi kama mtu aliyepata hesabu sahihi ubaoni.

Nilipoweka kidole kwenye visu vya kusaga, hakuvifunga mara moja.

"Mwalimu, nyasi zako zikishakatwa huenda wapi?"

"Huchukuliwa," nilisema.

"Basi ujue, hivi havitakuachia cha kuchukuliwa. Na mdomo wa pembeni unaotema nyasi utauziba na hiki kizibo."

Niliyasikia maneno hayo kama sifa ya bidhaa. Nilivichukua vyote viwili, pamoja na kizibo.

Ijumaa nilivifunga mwenyewe. Nilitoa waya wa plagi injini isije ikawaka, nikainua mbele ya mashine juu ya magogo, nikakiegemeza kisu kwa kipande cha ubao kisizunguke, nikafungua nati kwa spana ndefu kwa uzito wa mwili wangu wote. Mabawa ya kisu hutazama juu. Kitabu kinasema hivyo mara mbili, na mimi niliyakagua mara tatu.

Jumamosi, tarehe kumi na mbili, nilikata kiwanja chote. Kilikuwa kama zulia. Hapakuwa na mistari ya nyasi, wala rundo, wala jani moja juu ya saruji ya kaburi. Nilizima injini nikasimama katikati, na nilikuwa na hamu kubwa mtu aone.

Jirani yangu alifika na magunia yake. Akasimama mwanzo wa kiwanja.

"Leo umefagia," alisema.

Nilimwambia kwamba nimenunua visu vipya.

"Ni vizuri. Kiwanja inapendeza, mama."

Hakuniita wifi. Nililisikia hilo na sikulipa uzito. Nilimkaribisha chai, akasema ng'ombe yake iko peke yake. Ng'ombe huyo alikuwa peke yake kila Jumamosi, miaka yote.

Jumamosi iliyofuata, mkesha wa Pasaka, hakuja. Nilidhani yuko kwenye usafi wa kanisa. Tarehe ishirini na sita hakuja. Nilitenga vikombe viwili, nikakirudisha kimoja kabatini kikiwa kikavu. Tarehe tatu Mei mvua ilinyesha asubuhi ikakoma saa sita. Nilikata nyasi mbichi, mashine ikasaga kwa taabu, na nilipomaliza niliketi barazani nikiutazama usafi ule. Kitu kisicho na dosari hakina la kuzungumziwa. Nilikunywa chai yangu nikiwa nimegeuza kiti cha pili kuelekea ukutani ili kisinitazame.

Sikumwendea. Niliona kwamba mwenye nyasi hamfuati mwenye gunia.

Jumamosi tarehe kumi nilikuwa kwenye mashine karibu na barabara nilipomwona akipita. Alikuwa na mzigo wa majani ya kinamasi kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Kinamasi kile kiko mbali, na majani yake ni makali, hukata mikono. Alinisalimia kwa heshima zote, akauliza habari za siku nyingi, akaniombea baraka, akapita. Nilikaa juu ya ile mashine injini ikinguruma na nikaelewa.

Kwetu hapa mtu hanyimwi nyasi kwa mdomo. Wala maji, wala kaa la moto, wala marando ya viazi. Mdomo ukikataa, neno hilo hukaa kati ya nyumba na nyumba hadi kwa wajukuu. Aliyechoshwa na mwombaji hukimaliza kitu chenyewe kabla mwombaji hajafika, ili kila mmoja abaki na heshima yake. Mwombaji naye huona, husifu, na harudi. Mimi mwenyewe, nikiwa mke mgeni, niliwahi kung'oa marando yote bustanini asubuhi ambayo mwanamke mwingine aliyeolewa katika boma letu alikuwa aje kuyaomba. Alisifu bustani yangu na hakukanyaga tena. Nililijua jambo hili kabla sijajua herufi. Na bado nilisimama mbele ya jirani yangu, kiwanja kikiwa kimefagiwa, nikingoja sifa.

Siku ya pili, Jumapili, nilitoka kanisani nikaenda kwake moja kwa moja, na viatu vyangu vya ibada. Alikuwa zizini. Mbavu za ng'ombe zilikuwa zimeanza kuhesabika.

"Karibu, mama," alisema, akainuka kunitafutia kigoda.

Nilikuwa nimetunga sentensi njiani, nzuri, yenye sababu zake kwa mpangilio. Haikutoka.

"Wifi," nilisema, "sikukunyima nyasi. Nilinunua visu."

"Visu ni yako. Kiwanja ni yako. Mimi nilifikiri umenichoka tu, na si vibaya. Mtu anachoka."

"Kaka yako aliviwekea alama kitabuni. Niliona ni neno lake."

Akauweka mundu chini.

"Ni hivi visu vya kumeza majani?"

Nilisema ndivyo.

"Kaka alikuja hapa na hiyo kitabu. Alisimama hapo unasimama wewe. Aliniuliza, nikinunua hizi, ng'ombe yako itakula nini? Mimi nilimwambia itakula wewe." Alicheka kidogo, kwa pua. "Basi akaenda. Hakununua."

Alama ile nilikuwa nimeisoma sawasawa. Kilichofuata baada ya alama hakikuandikwa popote, wala mume wangu hakuniambia. Nilisimama katika harufu ya samadi, na kilichonichoma hakikuwa kosa langu, bali kujua kwamba kuna maneno ya mume wangu ambayo hayakuhifadhiwa nami. Jirani yangu alikuwa nayo miaka yote, akinywa chai yangu, na hakuona kwamba ni kitu cha thamani.

"Nilihesabu Jumamosi nne," nilisema.

"Mimi sikuhesabu," alijibu. "Ng'ombe ndiyo ilihesabu."

Jumanne, tarehe kumi na tatu, nilivuka tena. Muuza vipuri alinitazama juu ya miwani yake akasema mwalimu amerudi kusahihisha. Nilimwambia ndiyo, na kwamba sikuwa nimemjibu vizuri aliponiuliza nyasi zinakwenda wapi. Zinakwenda kwa wifi yangu. Nilichukua vile vyenye mabawa marefu, ncha sita, sentimita hamsini na tatu na nusu. Vile vya kusaga nimevipaka grisi, nimevifunga kwa gazeti lenye tarehe, nimeviweka juu ya kabati pamoja na kizibo. Kitabu nimekirudisha katika mfuko wake wa plastiki. Ile vema sikuifuta.

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na saba Mei. Nilikata kuanzia saa nne, na mashine ikazitema nyasi pembeni katika mistari minene, nyingine zikaangukia kaburi, na sikuzifagia. Saa saba nilizima injini. Saa saba na nusu hakuwa amefika, na nilijikuta nimesimama barabarani na buti zangu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu. Alikuja saa nane kasoro kumi, magunia matatu begani.

"Wifi, leo umekata vibaya," alisema. "Umechafua mpaka kwa kaka."

Alianzia hapo, kwenye kaburi, akaziokota kwa mkono bila mundu, taratibu, akinung'unika kitu ambacho hakikuwa changu kukisikia. Kisha tulikunywa chai. Nilimwomba aniambie tena kaka yake alisimamaje siku ile na kitabu, na alishika ukurasa gani. Akasema hakumbuki ukurasa, anakumbuka alikuwa na soksi mbili tofauti. Hilo nimeliandika katika daftari, chini ya vipimo.

Aliondoka saa kumi na robo, kwa kuwa ng'ombe yake iko peke yake. Kwenye kiwanja imebaki mistari ya manjano pale nyasi zilipolala. Nimekigeuza kiti cha pili, kimeelekea barabara. Jumamosi ijayo ni tarehe ishirini na nne.