Ng'ombe Mwenye Baka Jeupe

Watu wa rika langu hapa Kibimba wakiutaja mwaka wa sabini na tisa, huanza na chumvi. Watakwambia tulivyopika maharage kwa maji ya majivu, duka la kijiji lilivyobaki na mizani na nzi, na wanaume walivyopanda malori kwenda vitani. Yote kweli. Nilikuwapo, na gunia nililivaa kwa kukosa nguo. Lakini mimi Kanyange nikiachwa niseme mwenyewe huanza na maziwa, na nikianza na maziwa sina budi kumtaja mume wangu, Matiasi Ndikuriyo, mtu mpole niliyekaa naye miaka arobaini na mmoja nikidhani namjua.

Tulitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, kwa miguu, tukiwa na sufuria moja na mkeka mmoja. Tukatua Bukiriro, huku Ngara. Tulipoanza tu kuzoea, ikaja amri ya kuhamia vijiji vya Ujamaa, tukajikuta Kibimba, tukijenga upya.

Kule tulikotoka watu wakikutana husalimiana "Amashyo", yaani nakutakia makundi ya ng'ombe. Matiasi alisalimiwa hivyo tangu utotoni, na tangu utotoni alichunga ng'ombe wa watu. Wa kwake hakuwahi kuwa naye. Tena kwetu ng'ombe wa heshima si wa kununua, ni wa kupewa. Ukipewa, unapiga magoti na kumpigia makofi aliyekupa, na tangu siku hiyo mmefungwa, wewe na yeye. Shamba lake unalilima, msiba wake ni wako, na ndama jike wa kwanza unamrudishia. Hata ukiapa, unaapa kwa jina lake. Nilikwisha kukubali kwamba mume wangu atakufa bila kupiga makofi hayo, na nadhani naye alikwisha kukubali.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Shibuda, Msukuma wa Shinyanga, aliyekuja na mkewe Secilia, watoto wawili na ng'ombe watatu. Mbung'o waliwamaliza wawili njiani. Akabaki jike mmoja mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Shibuda alikuwa mtani hasa. Alizoea kumwambia Matiasi kwamba Warundi wanajua kumsalimia ng'ombe kuliko kumfuga.

Desemba ya sabini na nane mgambo wakaitwa, na Shibuda akiwamo. Asubuhi hiyo lori lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya balozi wa nyumba kumi, linapiga honi. Tukamwona Shibuda anakuja mbio, anamvuta yule ng'ombe kwa kamba, naye tumbo lake kubwa, karibu kuzaa.

"Ndikuriyo," alisema akihema, "huyu akae kwako. Maziwa wanywe watoto."

Matiasi aliweka jembe chini. Akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akapiga makofi matatu, polepole. Shibuda alimtazama, akacheka kidogo kama mtu asiyeelewa mzaha, kisha akakimbilia lori lake.

"Mama Suzana," mume wangu aliniambia akiwa bado amepiga magoti, "leo nimepewa ng'ombe."

Nililia, sina haja ya kuficha. Suzana wetu alikuwa na miaka miwili na nusu. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, miguu imevimba, na alikuwa hachezi, anakaa tu pale unapomweka. Nilikuwa nimeanza kumtazama kwa jicho ambalo mama hapaswi kumtazamia mwanawe.

Ng'ombe alizaa Januari, ndama jike. Maziwa yalipoanza kupatikana, Suzana alikunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, na cha tatu nilimpa kwa kuiba kwenye sehemu ya baba yake. Wiki za kwanza sikuona kitu. Halafu asubuhi moja ya mwezi wa tatu nikasikia kelele uani, nikatoka. Suzana alikuwa anamfukuza kuku kwa kijiti, anamtukana kwa Kirundi na Kisukuma. Nilikaa chini kwenye mlango wangu nikamtazama. Nimeona mengi tangu hapo, nimeona hata umeme, lakini sijaona kitu kikubwa kuliko kuku yule akikimbia.

Na mume wangu je? Kila siku, kabla ya shamba letu na kabla ya shamba la kijiji, alilima kwanza shamba la Secilia. Alimkatia kuni. Alimwezekea nyumba upya kabla ya mvua, na ya kwetu ikiwa inavuja. Nikamuuliza kama siku hizi ana wake wawili, basi aseme tujue zamu. Akacheka. "Naapa kwa Shibuda aliyenipa ng'ombe, kesho naezeka yetu." Ilikuwa kesho ya wiki tatu.

Secilia naye hakuelewa wema huu umetokea wapi, ila aliupokea na kuurudisha. Tulikuwa na kanga moja nzima kati yetu wawili, ya kwake. Jumapili moja aliivaa yeye kwenda kanisani, Jumapili nyingine mimi, na aliyebaki alichunga watoto wote watatu. Siku ya Pasaka tulishindwa kuamua. Tukaenda wote, tumejifunika kanga ile bega kwa bega, tukitembea kama ng'ombe wa jembe, na katekista alishindwa kusoma kwa kucheka. Watu walikuwa wanazikana mwaka ule, na sisi tulicheka hadi tukaketi njiani.

Siku chache baada ya Pasaka hiyo, tukiwa mtoni tunafua kwa majani ya mpapai, Secilia alisema, bila ubaya wowote, "Baba yao akirudi atamchukua ng'ombe wake, lakini nitamwambia msikose maziwa."

Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, ng'ombe wake yupi. Ndipo akanieleza. Yeye peke yake, na watoto wawili, asingeweza kumchunga, na kwao Usukumani mtu humkabidhi jirani ng'ombe amtunzie. Maziwa na samadi ni vya mtunzaji, naye akikaa naye mpaka wakazaliwa ndama kadhaa, hupewa mmoja. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, siku yoyote anamchukua. Mtoto yeyote wa Kisukuma anajua hivyo.

Nilirudi nyumbani na nguo hazijatakata. Matiasi alikuwa amechuchumaa anamtoa ng'ombe kupe, anamwimbia. Mtu wa miaka hamsini, amepata kile ambacho kila mpita njia alimtakia maisha yake yote, na mimi nimwambie kwamba si chake? Nikafunga mdomo. Na kwa kuwa nasema kweli, niseme yote: kuanzia siku hiyo, wenzangu wakiomba vita viishe, mimi nilinyamaza. Sikumtakia Shibuda kifo. Nilimtakia achelewe tu. Halafu nilimtazama Secilia akimsimulia mtoto habari za baba yake, nikajiona sifai hata kuvaa nusu ya ile kanga.

Mwezi wa tano Matiasi alitembea kutwa nzima hadi Ngara mjini, kwa kuwa tulisikia barua za askari zimefika. Alirudi na ya Shibuda, katibu wa kijiji akatusomea. Alikuwa mzima. Alisalimia kila mtu, kisha akauliza, "Ng'ombe wangu amezaa?" Nikamgeukia mume wangu kwa woga. Alikuwa anatabasamu. Nikajisemea hakusikia vizuri, au hataki kusikia.

Shibuda alirudi mwezi wa tisa. Mtoto wa balozi alipita akipiga kelele kwamba lori limefika, na nikajua sina muda tena. Nilimkuta Matiasi nyuma ya nyumba anamsugua ng'ombe kwa majani, na ndama kando yake ana kamba mpya shingoni.

"Baba Suzana," nikasema, "nisamehe. Yule ng'ombe hatukupewa. Tulikabidhiwa. Nimejua tangu Pasaka."

"Najua," akasema, akiendelea kusugua.

"Umejua lini?"

"Siku aliyomleta. Mama Suzana, nimechunga ng'ombe wa watu tangu sijaota meno ya pili. Nisimjue ng'ombe wa kutunza?"

"Na yale makofi? Na viapo? Na lile paa?"

Ndipo akaacha kusugua. Alisema taratibu, kama mtu anayeona haya. "Alikuwa anakwenda vitani. Ningempokea kama wa kutunza, halafu mwenzetu akafa, ningempeleka ng'ombe kwa Secilia, nikamwacha mlangoni, tukawa tumemalizana. Aliyepewa hamalizi. Nilitaka nisiweze kumalizana nao."

Nilimtazama mtu yule mwenye suruali ya viraka kumi na moja, niliyemficha siri yangu miezi mitano nikidhani namlinda, nikaogopa. Ni ile hofu ya kuingia kanisani ukakuta hamna mtu.

Tukaenda. Shibuda alikuwa amekonda, amesimama uani kwake anatazama paa, anatazama ghala, anatazama watoto wake waliokuwa wanene kuliko alivyowaacha. Matiasi akampa kamba zote mbili. "Ng'ombe wako huyu. Na mtoto wake."

Shibuda alizipokea kamba, akampapasa ndama shingoni. Kisha ule utani wake ukamrudia. "Huyu mkubwa namjua kwa baka," alisema. "Huyu mdogo simjui. Nilipoondoka hapa hakuwapo. Labda ni Mrundi."

"Kwa desturi ya kwenu bado," Matiasi akamwambia. "Amezaa mara moja tu."

"Kwa desturi ya kwetu hakuna mtu anayeniezekea nyumba. Mchukue, Ndikuriyo. Huyu sikukabidhi, nakupa." Akamrudishia kamba ya ndama.

Matiasi akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya watu wote. Safari hii alikuwa amepewa kweli, ng'ombe wa kwanza maishani mwake, na mimi nilisimama nyuma yake nikihesabu. Alipiga makofi matatu, polepole, sawasawa na yale ya Desemba. Hakuongeza hata moja.