Matete ya Mlangoni

Juma lililopita mvua ilinyesha mtaani kwetu Cimpunda tangu asubuhi, na udongo wa mlimani ukateremka, ukabeba njia yetu ya miguu. Uliishia kwenye matete ya mama. Nilipoyaona yamesimama, yamejaa matope mpaka kiunoni, nilikumbuka mchana ule alipoyapanda, mimi ningali mtoto.

Vita vilikuwa vimefika mjini. Bunduki zilisikika upande wa Ibanda, mlio mkavu kama wa mtu anayevunja kuni. Mvua ilikuwa imekatika, udongo ulikuwa laini na ulinukia, kwa hiyo mama akatoka. Alichomeka vipande vya matete kwenye ukingo wa mteremko nyuma ya nyumba, kifundo kimoja chini, kimoja juu. Majirani walijengea ua kwa matete, basi nikajua anatujengea ua wa kuzuia maaskari. Ila alikosea mahali. Maaskari hawashuki kutoka mlimani, wanapita mlangoni. Alipoingia kutazama maharage, nikang'oa vipande vinne, nikavipanda mbele ya mlango.

Alivikuta. Sikupigwa.

"Askari watarudi kwabo," alisema. "Mvua iko ya hapa."

Sikumwelewa. Akaviacha pale, akaenda kukata vingine vinne. Usiku ule risasi zililia karibu nasi mpaka alfajiri.

Siku hizi mvua ni kali kuliko zile, na majirani wanakuja kumwomba vipande vya kupanda. Juzi nilimsaidia kukata. Nikamwambia tuanze na yale ya mlangoni, maana hayazuii kitu.

"Acha yale," mama alisema. "Ile usiku ya masasi, ni yale yalikulazaka usingizi."