Siku Tuliyolima Bustani ya Chuo

Nyumba yangu inatazamana na chuo kikuu. Kweli kabisa! Ukitoka mlangoni kwangu hapa Bariadi unavuka lami, unaruka mtaro, umefika. Mimi niliyeishia darasa la pili ndiye jirani wa maprofesa. Wanangu wakinipigia simu wakaniuliza, mama uko wapi, nawaambia niko chuo, nimeitwa kwenye kikao. Wanacheka mpaka salio linakwisha.

Chuo chenyewe ni cha watu binafsi, si cha serikali, na mimi nimekiona tangu kinazaliwa. Kilizaliwa ghorofani, juu ya maduka ya vitenge karibu na stendi. Mwenye maduka, mzee mmoja Mwislamu mpole sana, aliwapangisha vyumba vya juu. Basi chini cherehani zinalia trrr, juu mwalimu anafundisha sheria. Siku moja nimepeleka gauni langu la Pasaka, nikasikia mtu juu anafoka mambo ya mikataba. Nikamuuliza fundi, "Kuna ugomvi huko?"

"Hapana bibi, wanasoma."

"Wanasoma kwa kelele hivi?"

"Ndiyo bibi. Mimi mwenyewe nimeshaiva. Ukipata kesi, usitafute wakili, njoo hapa na kitambaa chako."

Baadaye wanafunzi wakawa wengi, ngazi zikawa hazitoshi, chuo kikahamia hapa mbele yangu kwenye godauni la zamani la pamba. Usidharau godauni wewe! Walilipiga rangi nyeupe, wakatoboa madirisha, wakaligawa vyumba. Kile chumba cha mizani kimekuwa maktaba. Mizani yenyewe wameiacha, ni nzito, nani angeibeba? Watoto wakimaliza mitihani wanaipanda kuona wamekonda kiasi gani. Nyumba ya meneja wa zamani ndiyo ofisi za walimu. Na hosteli ya wasichana ni ile iliyokuwa gesti, hapo mtaa ulicheka wiki nzima, mpaka masista wakaja kuibariki na shehe naye akaja kusoma dua, tukanyamaza.

Ukuta hawana. Chuo kimechanganyika na sisi, huku darasa, huku kinyozi, huku mama anakaanga sambusa. Mbuzi wangu ameingia kwenye mhadhara mara kadhaa, wanasema anasikiliza kuliko wengine. Na watoto wanatoka kila upande. Wa Lamadi wakirudi likizo wananiletea sato wamefungwa vizuri kwenye gazeti. Wapo wa Tanga, wapo wa Mbeya, wanajifunza salamu yetu ya asubuhi kisha wanaitumia siku nzima. Saa kumi jioni mtoto wa watu anapita na begi lake, "Mwangaluka, bibi!" Naitikia tu kama kumekucha. Maji yao yakikatika wanakuja bombani kwangu, na mimi nawapa michembe, viazi vyetu vya kukausha, watafune wakisubiri ndoo.

Sasa ngoja nikuambie ya mjukuu wangu, maana hilo ndilo lililonifanya nikose usingizi.

Mjukuu wangu ni binti, mtoto wa kwanza wa mwanangu anayekaa Kimali, kule Meatu, mkulima na mfugaji. Alimaliza kidato cha sita vizuri, akaomba chuo hiki hiki cha mbele yangu, akapata. Alikuja kwangu anaruka kama ndama. Anataka ualimu wa hesabu. Tatizo baba yake.

Mwanangu si mtu mbaya. Ni mgumu tu, kama marehemu babake. Akasema kwenye simu, "Mayu, mama yangu, lile godauni mimi nimeshusha pamba mle ndani na mabega yangu haya. Leo unaniambia kuna wasomi?"

"Wamepaka rangi, baba."

"Hata nikimpaka rangi punda, bado ni punda."

"Njoo uone basi!"

Nikasikia ng'ombe wanalia huko kwake. Halafu akasema, "Nitakuja siku yao ya kukaribisha wageni. Nikiona chuo, atasoma. Nikiona godauni, narudi naye Kimali kesho yake, na maneno yaishe."

Na mwanangu akisema maneno yaishe, yanaisha. Mtoto alisikia yote, maana simu yangu inapiga kelele. Akaenda kukaa jikoni, akawa anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nikajiambia, hii siku ya wageni lazima chuo kijae watu, kipendeze, mwanangu akose pa kusemea.

Wiki ile ile, Mungu si Athumani, akaja kwangu mwalimu mlezi wa wanafunzi. Binti wa Tanga, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta, na shikamoo yake anainama kweli. Akasema, "Shikamoo bibi. Nasikia nyinyi kina mama mna ile ngoma ya majembe."

"Marahaba. Bugobogobo hiyo, mwanangu. Tunayo."

"Tunawaomba mje mtuchezee siku ya wageni. Pale mbele, kwenye bustani."

"Kwenye bustani? Kwenye majani yale?"

"Ndiyo bibi, hapo hapo. Wageni wakiingia wawaone."

Nikamshika mkono nikamwambia ahsante, mwanangu, nimekuelewa.

Nilikuwa nimemwelewa vipi? Sikiliza. Kikundi chetu ni cha kulima. Tunakwenda shamba la huyu leo, la yule kesho, ngoma inapigwa, manju anaimba, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na shamba linakwisha hujui limekwishaje. Hatujawahi kuitwa mahali na majembe yetu pasipo na kitu cha kulima. Na yale majani mimi nilikuwa nayaonea aibu muda mrefu! Watu wazima, wamesoma mpaka ng'ambo, majani yameota mpaka mlangoni kama nyumba iliyohamwa. Tena wana mtu wa kuyamwagilia! Asubuhi na jioni ana mpira wa maji, nikadhani chini yake wamepanda viazi, nikasubiri nione viazi, wapi. Kwetu mwanamke mwenye majani uani anasemwa mpaka kisimani. Basi nikajua, wamestuka, wageni wanakuja, wanataka usafi, ila wanaona haya kusema wazi.

Nikamwendea manju wetu, shoga yangu wa tangu usichana, mrefu, sauti ya tarumbeta. Akauliza, "Ni eneo kubwa?"

"Dogo, shoga. Nyimbo chache tu limekwisha. Ila tulime vizuri, mwanangu atakuwepo."

"Tutalima mpaka liwe kama sahani."

Siku ikafika. Weee! Maturubai, maiki, vijana wa kwaya, wanafunzi wamevaa fulana mpya, wazazi wametoka mpaka Maswa, Binza huko, na vitenge vya sare. Mwanangu alifika na basi la asubuhi, koti lake la mnadani, fimbo mkononi. Alinisalimia, akasimama kando ya tangi la maji, mikono kifuani. Mjukuu wangu akampelekea soda. Akaipokea, hakuinywa.

Tukaitwa. Tukaingia kwa safu, kanga mbili kiunoni, majembe begani, ngoma inaita. Watu wakapiga makofi. Manju akaanza wimbo, jembe likapanda juu, likazungushwa, na likashuka, puu! Ardhi ilikuwa laini hiyo, na maji yote yale aliyokuwa anamwaga! Ukoka ukang'oka kama nywele za mahindi. Wanafunzi wakapiga kelele za furaha, wakadhani ndivyo ilivyopangwa, kila mtu na simu yake juu. Na unajua ngoma yetu ilivyo, ikikolea hakuna anayebaki barabarani. Bodaboda wakaacha pikipiki, mafundi cherehani wakaja na futi shingoni, wote ndani. Chuo kikajaa! Nikasema moyoni, mwanangu, tazama.

Tumefika katikati, nikaona mtu amechuchumaa pembeni. Ni yule wa mpira wa maji. Ameshika donge la ukoka mikononi kama mtu aliyefiwa na ndama.

"Mayu," akaniambia, sauti imekwisha, "majani yangu. Yametoka Mwanza na lori."

"Yametoka wapi?"

"Mwanza! Yalinunuliwa!"

Jembe lilibaki hewani. Watu wananunua majani? Nikamtazama binti wa Tanga, amefunika mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Mjukuu wangu akanisogelea, ananong'ona huku analia, "Bibi, ndiyo basi. Baba ameona." Na kweli, mwanangu alikuwa ameiacha soda chini, anatazama. Nikaona kabisa mjukuu wangu anapakia sanduku kwenye basi la Meatu, na mkosaji ni mimi na jembe langu.

Ngoma ikafa. Mkuu wa chuo akaja. Profesa, mtu wa Bukoba, tai nyekundu, viatu vinang'aa. Watu wakampisha.

"Nani aliwaita?"

"Ni mimi, Profesa," binti wa Tanga akasema, sauti kama ya inzi.

"Aliniita mimi," nikasema. "Yeye alisema tucheze. Kulima tumelima wenyewe. Kwetu sisi ni kitu kimoja."

Profesa akatazama udongo. Akatazama kipande cha majani kilichobaki. Nikaona pua yake inatetemeka, nikasema analia huyu, kumbe kicheko kinatafuta njia! Kikatoka. Alicheka akashika magoti.

"Mama yangu alikuja hapa mwezi uliopita," akasema, anajifuta macho, "akaniuliza, mwanangu, haya majani unamfugia nani? Malizieni, kina mama. Nusu majani nusu shamba ni vibaya zaidi."

Yowe lililopigwa hapo! Ngoma ikafufuka. Na Profesa naye akavua koti, akampa binti wa Tanga, akaomba jembe. Nikampa langu. Jamani, jamani. Alikuwa anadonoa kama kuku.

"Huyo anaandika, halimi!" manju akadakia kwenye wimbo, na kina mama wakaitikia.

"Profesa, inua jembe, halina umeme!"

"Msaidieni, anatafuta kalamu iliyodondoka!"

Watoto wake mwenyewe, wanafunzi wake, wamelala chini kwa kucheka, na yeye anacheka nao, tai imerushwa begani. Hapo ndipo nilipoona lile tangi la maji halina mtu. Mwanangu alikuwa anakuja katikati ya umati, fimbo amempa bintiye amshikie. Nikasema, ee Mungu, anakuja kumaliza maneno.

Akasimama mbele ya Profesa. Akanyoosha mkono.

"Lete, mzee. Utajikata kidole."

Akalichukua jembe. Unajua mwanangu alikuwa mchezaji huyu, kabla hajawa mgumu? Alilizungusha juu ya kichwa, akalipitisha mgongoni, akalishusha, puu, na manju akapandwa na wazimu wa furaha. Profesa akamwomba amwonyeshe. Wakawa wanalima bega kwa bega, mmoja vizuri, mmoja vibaya, wanaongea. Nikajisogeza na jembe la kuazima nisikie.

"Humu ndani nilishusha pamba," mwanangu anasema.

"Upande gani?"

"Huu wa kulia. Palikuwa na joto sana."

"Joto lipo bado. Ndipo tunapofundisha hesabu."

Mwanangu akalima hatua kadhaa. Kisha akauliza, "Wasichana wanalala wapi?"

Mtu anayerudi na mtoto wake kesho hana haja ya kuuliza hilo. Nikamtazama mjukuu wangu. Naye amesikia. Amekumbatia ile fimbo ya babake kifuani.

Tulipomaliza, pale palikuwa peupe pazuri kama uwanja wa harusi. Ule ukoka tuliukusanya tukamsaidia bwana bustani kuupanda upya nyuma ya ofisi za walimu, mbali na macho ya watu, na manju mwenyewe alimbebea ndoo. Wageni wakakaa pale mbele wakala wali. Mwanangu akapelekwa hosteli na bintiye kutazama. Walikaa huko, wakakaa, mimi hata wali haushuki.

Wakarudi. Mtoto uso wake hauonyeshi kitu, ameambiwa asionyeshe, namjua. Mwanangu akakaa kwenye benchi karibu nami, akachukua sahani yangu, akala nyama yangu.

"Sasa?" nikamwuliza.

"Mlango wa chumba chake komeo lake bovu," akasema, anatafuna. "Na dirisha halifungi vizuri. Nimemwambia huyo Profesa wenu, hiyo siyo hosteli, ni gesti."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Jumatatu siendi mnadani. Nakuja na fundi na komeo jipya, ndipo alale humo."

Sikumsubiri ameze. Nilipiga kigelegele mpaka binti wa Tanga akaangusha glasi, na manju, kule mbali kwenye foleni ya wali, bila hata kujua ni cha nini, akakipokea.