Tumbaku ya Jumapili

Juzi nilienda Glenwood, mtaa wa Durban, kumtafutia mwanangu chumba, maana anaanza chuo. Mzee mmoja aliyekaa barazani akawasha kiko, nami nikasimama pale pale njiani kama niliyeitwa jina.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikaa mtaa huo huo, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu. Koko, bibi yangu mzaa mama, alitoka nasi Kongo akiwa na kiko chake na mfuko wa tumbaku ya kwao. Usimwone mvutaji wa ovyo, rafiki yangu. Ilikuwa Jumapili jioni tu, tukishamaliza kula fufu na sombe, kisamvu cha kwetu. Alipuliza moshi kila pembe ya chumba huku akimpa marehemu babu habari za wiki: nani kapata kazi bandarini, nani kafeli hesabu. Kaburi la babu tuliliacha tulipokimbia vita. Bila tumbaku, alisema, asingejua tulikohamia.

Shida ilikuwa kifua changu. Nilikuwa na pumu, na dirisha lilikuwa moja. Jumapili moja nilibanwa hadi nikakimbizwa hospitali. Nesi hakuzunguka: moshi ni moshi, uwe wa starehe au wa wazee, mapafu ya mtoto hayachagui.

Koko alikifunga kiko ndani ya kitenge, na chakula kikamshinda. Mama alimsihi avutie nje, akakataa katakata. Babu si mgeni wa kusimamishwa uani.

Jirani yetu, mama wa Kizulu, alimkuta analia kwenye kamba ya nguo. Akamletea kikopo cha ugoro, mama yangu akitafsiri: kwao wazee waliotangulia humwagiwa huu, na moshi hakuna.

"Sasa mzee atasikia namna gani?" Koko akauliza.

"Eish, Gogo," jirani akajibu, yaani bibi kwa Kizulu. "Kwani alikuwa anasikia kwa pua?"

Jumapili hiyo Koko alimwaga ugoro kidogo sakafuni, akanusa uliobaki, akapiga chafya hadi kilemba kikamtoka. Tulicheka hadi machozi. Kisha akanivuta karibu, akasema polepole, "Mzee, moshi imekwisha. Ukitupoteza, sikiliza huyu mtoto. Iko anapumua. Ni hapa tuko."

Nampenda hadi leo kwa maneno hayo. Yeye naye tulimzika Durban, na vile vyumba vimevunjwa. Kwetu hakuna tena anayewapa wafu habari za wiki. Pumu iliniacha zamani, pumzi ninayo tele, ila sijui nianze kumwambia Koko nini.