Kazi Yetu Ilikuwa Kupima

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nipime kichwa cha mtoto mmoja mara kumi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza mafunzo ya uuguzi msaidizi, nimevaa gauni jipya la kitenge, nikitazamia kuonyeshwa mitambo. Badala yake Mkuu wa Maabara, daktari wa watoto aliyeletwa Shinyanga na chuo kikuu, alinipa utepe wa kupimia na mtoto wa miezi mitatu anayelia. Nikauzungusha utepe juu ya nyusi, nikaupitisha nyuma pale kisogo kinapotokeza zaidi, nikasoma. Nikarudia. Katika vipimo kumi nilipata namba sita tofauti.

"Mtoto ni mmoja na kichwa ni kimoja," akasema. "Kinachobadilika ni wewe. Mpaka utulie, utafiti haujaanza."

Kutulia kulinichukua wiki mbili.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Maabara ilikuwa vyumba viwili tu nyuma ya kliniki. Chuo kilitaka kujua ubongo wa mtoto unakuaje tangu anapozaliwa hadi anapofikisha miaka mitano, na kwa kuwa ubongo hauonekani, tuliufuata kwa dalili zake. Tulipima mzingo wa kichwa. Tuligusa utosi kuona umefunga kiasi gani. Tulipitisha kifundo cha sufu nyekundu mbele ya macho ya mtoto tuone kama anakifuata. Kwa wachanga kulikuwa na kipimo cha mshtuko: unamlaza mtoto mikononi mwako, unakiacha kichwa chake kishuke ghafla kidogo juu ya kiganja, na mtoto mwenye afya hutupa mikono nje kisha huikusanya kifuani kana kwamba anamkumbatia mtu. Nimeona mshtuko huo mamia ya mara na sikuwahi kuuchoka.

Palikuwa pia na mashine ya mawimbi ya ubongo. Tulibandika nyaya kichwani kwa uji mzito wa chumvi, na kalamu zikachora mistari kwenye karatasi ndefu. Mtoto alipaswa awe amelala, maana akilia kalamu huruka ovyo. Akina mama waliotoka Mhunze, siku hizo bado kijiji, waliogopa kwamba kalamu zile zinanakili akili za watoto wao. Niliwaeleza kwa Kisukuma, mmoja mmoja, na hiyo hasa ndiyo sababu niliajiriwa. Wasomi wa chuo waliweza kuisoma ile mistari. Kusema na mwenye mtoto hawakuweza.

Kazi hii niliipenda. Naliandika hilo hapa kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani niliichukia.

Msaidizi wa utafiti alikuwa na sheria moja kubwa: hatafsiri vipimo. Mama akikuuliza, "Mwanangu ni mzima?" unamjibu, "Anaendelea, tutamwona tena." Shinyanga sheria hiyo haikumuumiza mtu. Mkuu wa Maabara alipitia kila faili siku ya Ijumaa, na mtoto mwenye kasoro alipelekwa hospitali Jumatatu, utafiti utake usitake. Lakini alistaafu, na chuo kikaamua kuhamishia kazi upande wa machimbo, Kharumwa. Nami nikahamishwa. Mume wangu alikuwa amefariki, nina watoto watatu shuleni, na mkubwa wao, Limi, alikuwa anakaribia mtihani wa darasa la saba. Kukataa uhamisho hakukunijia hata akilini.

Huko nilimkuta Mkuu wa Kituo, daktari aliyesimamia utafiti. Alikuwa kijana kwangu, msomi sana, mpole, mtu asiyepandisha sauti hata gari linapokwama matopeni. Alitaka kujua kama zebaki inadhuru ubongo wa watoto wa wachimbaji. Zebaki ni yale madini ya majimaji yanayong'aa. Wachimbaji waliponda mawe, wakayaosha, kisha wakachanganya mchanga uliobaki na zebaki ili ikamate chembe za dhahabu na kufanya donge. Donge lile huchomwa juu ya mkaa mpaka zebaki iishe kwa moshi, dhahabu ibaki. Wanaume walishinda ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia. Kuchoma kulifanyika nyumbani, kwa sababu nje kuna macho mengi. Jiko la kuchomea ndilo jiko la kupikia ugali.

Kati ya akina mama tuliowafuata alikuwapo Mama Masanja. Alizaliwa Chato, Mzinza, akaolewa na mchimbaji Msukuma, nasi tulizungumza Kiswahili. Alikuwa mcheshi. Aliniambia mtoto wake ana kichwa cha mkwewe na kwamba nisikipime sana nisije nikakikuza. Masanja wakati huo alikuwa na miaka miwili na hajaweza kukaa bila kuegemezwa. Nilipomwonyesha sufu nyekundu aliitaka, akainyooshea mkono, na mkono ukatetemeka hadi akaanza kulia.

"Mama Limi, mwanangu ni mzima?"

"Anaendelea. Tutamwona tena."

Tulichukua mkojo wa mama na wa mtoto katika chupa ndogo, ukapelekwa chuoni kupimwa zebaki. Matokeo yalirudi baada ya miezi mingi, yakiwa na namba za usajili tu bila majina, nami nikapewa kuyanakili kwenye kadi. Namba ya Masanja nilikuwa nimeiandika mwenyewe mara nyingi, niliijua kama ninavyojua jina lake. Yeye na mama yake walikuwa na zebaki nyingi kuliko wote katika orodha. Siku ileile asubuhi nilikuwa nimemwona Mama Masanja kisimani. Alikuwa mjamzito.

Nikaenda kwa Mkuu wa Kituo na kadi mkononi.

"Daktari, huyu mama ana mimba. Tumwambie asichome ndani."

Alivua miwani akaifuta. "Hatujui bado kwamba ni zebaki," akasema. "Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Inaweza kuwa njaa. Ukimwonya mmoja, kesho wote wanahamisha majiko, na hatutajua kamwe. Tukijua kwa hakika, tutawasaidia maelfu."

"Na huyu?"

"Mama Limi, kazi yetu ni kupima."

Nimezungumza na watu wengi tangu hapo, na wengi hudhani alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa na hoja, nami sikuwa na hoja, nilikuwa na wasiwasi tu. Nikairudisha kadi kwenye sanduku lake. Nilijiambia kwamba yeye ndiye daktari. Nilijiambia kuhusu ada na sare na mtihani wa Limi. Mara tatu zaidi nilikwenda kwa Mama Masanja kabla hajajifungua, nikakaa kwenye kigoda jikoni mwake, nikaona lile karai dogo la kuchomea limeegemezwa kando ya mafiga. Mara ya tatu nilifungua mdomo. Kilichotoka ni kumwuliza kama miguu yake inavimba.

Alizaliwa msichana, mvua zikinyesha, wakamwita Kabula. Nilimpima akiwa na wiki tatu. Nilimlaza mikononi, nikakiacha kichwa kishuke kwenye kiganja. Mikono yake haikuruka. Nikarudia, ingawa kanuni ilisema mara moja yatosha. Nikarudia tena. Ilining'inia tu pembeni kama mikono ya nguo iliyoanikwa.

Mama Masanja alikuwa akinitazama uso, si mikono.

"Sema," akasema.

Nikasema. Nilimweleza moshi, zebaki, chupa za mkojo, kadi. Nilimwambia ahamishe lile karai mbali na watoto, asichome tena ndani.

"Ulijua lini?"

"Mwaka jana, kabla ya mvua."

Alihesabu. Nilimwona anahesabu kwa vidole juu ya khanga. "Huyu alikuwa tumboni," akasema.

"Ndiyo."

Nilingoja anifukuze. Alimchukua Kabula, akamfunika, kisha akanirudishia mikononi. "Basi maliza kupima," akasema. "Umekuja kupima."

Nikamaliza. Nikaandika.

Nilipomweleza Mkuu wa Kituo nilichofanya, hakunipa barua ya onyo wala hakunikaripia. Aliketi, akasema kijiji chote sasa kimeharibika kwa utafiti. Alisema kweli, maana ndani ya mwezi majiko mengi ya kuchomea yalikuwa yamehamia nyuma ya nyumba. Kwa watoto wa wengine huenda ilifaa. Haikupita muda wafadhili wakasitisha mradi. Kadi zilifungwa kwenye masanduku, mashine ikapakiwa kwenye lori, na yeye akapanda mbele kwa dereva. Tuliagana vizuri. Miaka baadaye niliandika chuoni mara mbili kuuliza utafiti wetu ulisema nini. Barua ya pili ilijibiwa: masanduku hayajulikani yalipo. Kwa hiyo hakika ile aliyoitaka, aliyoniomba niingoje, haikupatikana. Hatukujua. Watoto wale walilipa na hatukujua.

Nilimalizia utumishi wangu katika kliniki, nikipima uzito wa watoto, na kila mama aliyeniuliza nilimjibu nilichokiona. Wenzangu waliniona nina mdomo. Nikastaafu nikapewa redio na hotuba.

Vijana mnaoingia kazi hii mtafundishwa kanuni, nazo ni nzuri, zishikeni. Lakini siwezi kuwaambia lini kuivunja kanuni ni wajibu. Mimi nilijua, na kujua hakukunisaidia kufungua mdomo.

Baada ya kustaafu nilisafiri Kharumwa. Mama Masanja alikuwa amezeeka kuliko mimi ingawa ni mdogo kwangu. Mumewe alikwishafukiwa na duara. Aliniamkia kwa heshima, akanipa kigoda. Masanja, mwanamume mwenye ndevu, alikuwa ameketi juani, mikono ikitetemeka. Kabula alikuwa amelala kwenye mkeka. Nilipiga magoti nikamwomba mama yao msamaha.

"Nilikusamehe zamani, Mama Limi," akasema. "Nisingeweza kubeba hawa wawili na wewe pia."

Akaleta beseni la maji, maana saa ya kuwaogesha ilikuwa imefika. Nikakunja mikono ya gauni nikamsaidia. Kabula alikuwa mzito, na mama yake alihema alipomwinua. Tulipomaliza kumfuta alikaa chini, akaniuliza swali, kwa upole, kama mtu anavyomuuliza mtaalamu.

"Wewe umesoma mambo yao. Nikifa mimi, hawa wataoshwa na nani?"

Nikalikunja taulo. Yeye akaanza kumvika Kabula gauni.