Upepo ni Upepo

Juzi nilikwenda kununua misumari katika duka la vifaa hapa Bagamoyo. Mbele yangu alisimama dada mmoja wa Kerege, kashika basi dogo la mfano, urefu wake kama kiganja. Anayatengeneza na kuyauza mwenyewe, rangi akiipuliza kwa upepo wa kompresa, kupitia bomba jembamba kama kalamu. Ubavu wa basi ulijaa madoa.

"Kompresa yangu inatema maji kwenye rangi," alisema. "Nataka yenye tangi, na kichujio cha kunasa maji yaliyomo kwenye upepo."

Muuzaji akanigeukia mimi. "Shikamoo, mzee. Hebu mwambie binti achukue hii ya kujazia matairi. Upepo ni upepo."

"Marahaba. Mnunuzi ni yeye, si mimi."

"Najua, lakini wewe atakuelewa."

"Kaka, nipo hapa," dada akasema. "Nikiharibu na hili, mteja simpati tena."

"Kwani hiyo si midoli tu?" Akacheka, akaipigapiga kompresa yake kama ng'ombe wa mnadani.

Dada akalifunga basi lake kwenye kanga, akatoka.

Mimi si mwepesi wa kuhukumu, lakini hasira hii bado ninayo. Mtu wa pwani, aliyelelewa na wazee wanaotofautisha kusi, kaskazi na matlai, anathubutuje kusema upepo ni upepo?

Kichujio kilikuwa kinaning'inia ukutani nyuma yake. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Aa," akasema, "kumbe ndicho alichokuwa anakisema?"