Unyusi Mmoja wa Mama Kumba

Takko Thiam ni Mfulani na mimi ni Mserere, maana yake sisi ni watani. Yeye ananiita mla uji, mimi namwita mtumwa wangu, na hakuna mzee hapa Thiès, Senegal, atakayetukanya. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue kwamba sifa nitakazompa zimenitoka kwa shida.

Tumepanga duka moja, miaka mingi sasa. Mimi nasuka nywele mbele, yeye nyuma ya pazia anachora nyusi. Si nyusi za wanja, zile zinazoyeyuka kwa jasho kabla wali haujapakuliwa harusini. Anazitia kwa sindano, rangi inakaa ndani ya ngozi, mtu analala nazo, anaamka nazo, anaoga nazo. Kazi hiyo alifundishwa Dakar na mama mmoja wa Abidjan. Aliporudi na mashine yake ndogo inayonguruma, nilimcheka kwamba hatapata mteja hata mmoja. Alimpata wa kwanza kabla sijamaliza kucheka.

Yeye mwenyewe akicheka utaona jambo. Upande wa kulia fizi zake ni nyeusi, weusi ule mzuri unaofanya meno yang'ae. Upande wa kushoto ziko vilevile alivyozaliwa nazo.

Mama yake, Mama Kumba Gaye, ndiye aliyekuwa akichoma fizi za wasichana mtaani kwao. Alikuwa na sindano zilizofungwa pamoja kwa uzi, na masizi yaliyokorogwa na mafuta. Msichana analazwa kwenye mkeka, wanawake wanaimba na kupiga makofi, na kazi yake ni moja tu: asitikisike. Aliyevumilia, mama yake hutembea shingo juu. Takko alikuwa binti wa mchomaji mwenyewe, basi siku yake walijaa wanawake hadi nje ya ua. Upande wa kulia ulikwisha bila neno. Walipohamia wa kushoto, mtoto akageuza kichwa akasema, "Mama, inauma."

Mama Kumba alifuta sindano zake, akakunja mkeka. Hakurudia siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Hata harusini kwake, mawifi walimwimbia Takko nyimbo za nusu kibaba. Wachomaji wengine walijitolea kummalizia, akakataa. Mimi nisingekuwa na moyo huo. Ningezimaliza hata kwa rangi ya viatu.

Sasa mtazame akifanya kazi. Kwanza humkalisha mteja wima, kwa sababu uso ukilala hubadilika. Anapima kwa uzi uliopakwa wanja, anachora umbo kwa kalamu, kisha anampa kioo na kumpigisha soga mpaka acheke, ili waone nyusi zikicheka zitakaa wapi. Wasiporidhika anafuta, anaanza upya. Nimewahi kumaliza kichwa kizima cha misuko midogo yeye bado anafuta. Rangi haweki nyeusi tupu, maana kwenye ngozi zetu nyeusi tupu ikizeeka hugeuka kibuluu. Anachanganya kahawia za aina mbili tatu mpaka ifanane na mwenyewe. Sindano mpya huifungua mbele ya macho ya mteja. Mjamzito anamrudisha nyumbani, na mwenye makovu yanayovimba anamwambia wazi kwamba uso si mahali pa kujaribia.

Kisha huja mahubiri, yaleyale kila siku, nami nimeyakariri bila kupenda.

"Leo utatoka hapa na nyusi nyeusi mno. Mumeo atauliza nani kakupaka mkaa. Usilie. Baadaye zitafanya vigaga, zitawasha. Usikwangue, viache vidondoke vyenyewe. Vikidondoka utaona kama hakuna kitu, utasema Takko kanila. Usije kunigombeza. Rangi itapanda polepole, na mwezi ukipita urudi tuzibe palipopungua."

"Na maumivu je?"

"Kuna dawa ya ganzi. Ila bado utasikia kitu, kama unanyolewa kwa wembe mkavu. Ukisikia zaidi ya hapo niambie, maana hapo nimeshuka chini mno. Mimi nakuona ngozi, ndani sikuoni."

Wote huitikia, na wote huja kugomba. Mke wa seremala wa mtaa wa pili alikuja kwanza akilia kwamba amekuwa kinyago, kisha akaja akilia kwamba nyusi zimekwenda na maji. Mara zote mbili Takko alimkalisha, akampa chai, akamsomea mahubiri upya tangu mwanzo bila kukunja uso. Mimi ningemfukuza kwa kitana. Mwezi ulipopita yule mama akaja mara ya tatu, kumleta dada yake.

Akiwa na mashine mkononi, Takko anauliza kila dakika, "Inauma?" Ninasuka huku nalisikia neno hilo mpaka linaingia kwenye misuko. Shida ni kwamba wateja wake wengi ni Wafulani wenzake, na mwanamke wa Kifulani aliyepita kwenye mkeka hawezi kusema ndiyo. Atakufa anasema endelea. Kwa hiyo Takko huwavua viatu na kuwatazama miguu.

"Midomo yao imefundwa," aliniambia. "Vidole vya miguu havikufundwa."

Mama Kumba aliidharau kazi hii tangu mwanzo. Akipita dukani alikuwa haingii, anasimama mlangoni na kusema kwa sauti ya kutosha mtaa, "Mnampaka mtu ganzi, mnamlaza kama maiti, anaamka ana nyusi. Urembo wa usingizini huo." Takko alikuwa akimjibu, "Karibu, Mama," basi.

Halafu Mama Kumba akaugua. Homa kali ilimweka kitandani hadi tukaanza kunong'ona. Aliinuka amekonda, ngozi imekuwa nyepesi kama ya kitunguu, nywele na nyusi zimepukutika zote. Nywele zilirudi, nyusi hazikurudi. Mwanamke aliyekuwa hakosi sherehe, anayeingia na wimbo wake tangu getini, akajifungia ndani na kilemba kimeshuka hadi machoni. Harusi ya mjukuu wake, binti wa kaka yake Takko, ilikuwa inakuja baada ya Idi, na yeye ndiye wa kumwingiza bi harusi chumbani. Akasema hatakwenda. Kwamba bibi asiye na nyusi atawatisha watoto.

Takko alikwenda kwake kila jioni kumbembeleza. Nilimwambia aache. Ukikosea nyusi za mke wa seremala unampa chai, ukikosea za mama yako utaziona mpaka umzike. Siku hiyo hata utani hakuutaka. Nikajua anaogopa kuliko mimi.

Mama Kumba alikuja siku ya Ijumaa, saluni ikiwa tupu. Alikaa kwenye kitanda cha kazi cha bintiye, nyuma ya pazia, akatoa sharti lake.

"Dawa yako ya usingizi sitaki."

"Si ya usingizi, Mama. Ni ganzi ya ngozi tu."

"Sitaki. Nimechoma fizi za nusu ya mji huu bila ganzi. Wanione nimepakwa mafuta kama mtoto wa tohara?"

"Haya. Lakini ikiuma utaniambia?"

"Nitakwambia."

Takko alimtazama kidogo, kisha akamvua viatu. Nilipewa taa niishike, nikaona mwenyewe. Alichora, akafuta, akachora, na mama akakubali umbo, akasema ndivyo zilivyokuwa alipoolewa. Mashine ikawaka. Takko akauliza, mama akasema endelea. Vidole vya miguu vilikuwa vimetulia kama vya mtu aliyelala. Yule bibi alikuwa amevifunda hata vidole. Karibu na mkia wa unyusi nikaona vitone vya damu vinachomoza, kimoja, kingine, kingine.

"Mama, inauma?"

"Endelea."

"Damu inatoka. Niambie kama inauma."

"Nimesema endelea. Wewe ndiye unayeogopa."

Takko alimalizia mkia kwa mkono mwepesi, akafuta, akapaka mafuta ya kulinda ngozi. Kisha akazima mashine na kuvua glavu.

"Wa pili siufanyi."

Mama Kumba akainuka. "Unasemaje?"

"Ngozi yako imekuwa nyembamba, Mama, na mimi siioni ndani. Usiponiambia nitakuharibu. Ukiwa tayari kuniambia, rudi."

"Unaniacha nusu?"

Maneno yenyewe yalitosha, na sote watatu tulijua yametoka wapi. Mama Kumba alishusha kilemba, akavaa viatu, akatoka bila kuaga. Takko alikaa kwenye kigoda. Nikamwambia, "Mtumwa wangu, leo umemlipizia." Akaniambia hapana, na machozi yakamtoka, na nikaona aibu ya kusema vile.

Basi bibi akaishi na unyusi mmoja. Takko alikuwa akimpelekea kuskusi ya mtama na maziwa kila jioni, na mimi nikawa namsindikiza kwa sababu ya umbea wangu. Alipokelewa kwa ukimya, anaweka bakuli, anauangalia unyusi kwa jicho la pembeni. Mwanzoni ulikuwa mweusi tititi. Ukafanya vigaga.

"Unawasha," Mama Kumba akaniambia mimi, si bintiye.

"Usiukwangue, Mama."

"Wewe mla uji utanifundisha mimi mambo ya sindano?"

Lakini hakuukwangua. Vigaga vikadondoka, ukafifia hadi akasema amefanyiwa kazi ya kitoto. Kisha, kidogo kidogo, rangi ikapanda. Jioni moja tulimkuta ameketi dirishani na kioo, kilemba kimesogezwa juu. Ulikuwa unyusi mzuri, Mungu ni shahidi, umepinda kwa adabu, rangi inayoendana na ngozi yake. Ila karibu na mkia palikuwa na pengo, kama mahali panya amepita.

"Hapa pamekuwaje?" akauliza. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza na Takko tangu siku ile.

"Hapo ndipo niliposhuka chini mno. Damu ikaitoa rangi." Takko akapiga magoti mbele yake, akagusa pengo kwa ncha ya kidole. "Ni hapa palipouma?"

Mama Kumba akakisogeza kioo karibu na mkia. Nilidhani atamfukuza.

"Ni hapo," akasema.

Alirudi dukani wiki kadhaa kabla ya harusi. Alilala mwenyewe, akavua viatu mwenyewe. Ganzi alikataa tena, na Takko hakubishana. Alichora wa pili, akaulinganisha na wa kwanza kwa uzi, akaufuta, akauchora. Mashine ikawaka. Nilikuwa nimeshika taa tena.

Takko hakuuliza safari hii. Alienda taratibu, mstari mmoja mmoja, kutoka puani kuelekea nje. Tulipokaribia mkia midomo ya yule bibi ikafunguka, ikafumba, ikafunguka tena.

"Inauma," akasema.

Aliisema kwa sauti ndogo mno, ningekuwa mbele nasuka nisingeisikia. Takko aliinua sindano papo hapo. Akazima mashine. Akaweka pamba ya baridi juu ya ngozi, akasubiri, mkono wake umekaa kwenye paji la uso la mama yake.

"Nikuachie kidogo, Mama?"

"Niachie kidogo."

Tulikaa hivyo. Nje muuza samaki alikuwa akigombania kivuli na mtu. Mama Kumba alikuwa amefumba macho chini ya pamba, na nikadhani amelala, hadi alipozungumza.

"Siku ile uliposema," akasema, "nilikusikia."

Takko hakuondoa mkono.

"Wanawake walikuwa wananitazama. Nikaona nikikuuliza mwanangu wapi panauma, watasema Kumba naye ni mama tu kama wengine. Nikakunja mkeka. Lakini nilikusikia, Takko. Usiku na mchana nilikuwa nakusikia."

Nilitamani kuiweka taa chini nitoke, lakini hapakuwa na pa kuiweka. Takko aliinama, akaweka paji lake juu ya bega la mama yake. Rangi ilikauka kwenye kikombe chake.

Alipoinuka alifuta uso kwa kiwiko, akamwaga ile rangi, akavaa glavu mpya na kuchanganya nyingine. Akafungua sindano mpya mbele ya macho ya mama yake, kama anavyomfanyia mteja yeyote.

"Pamepoa?"

"Pamepoa. Malizia."

Akamalizia wa pili, kisha akarudi kwenye lile pengo la wa kwanza, na bibi akasema inauma mara nyingine, na nyingine, mpaka nikaona sasa anaifurahia. Kila mara mashine ilizimwa.